Kikaoni "sawa dokta", thieta mambo yale yale. Naombeni uzoefu

Mfawidhi wa Ng'ambo

Habari zenu wakuu, na shikamooni mlionizidi.

Mimi ni daktari, mwanamke, mganga mfawidhi wa kituo cha afya upande wa Sengerema, ng'ambo ya Busisi ukitokea Mwanza mjini. Jina la kituo naliweka pembeni kwa sababu mnazozijua. Tuna thieta moja, na kazi yake kubwa ni upasuaji wa wajawazito. Wagonjwa wetu ni wakulima wa muhogo na watu wa dagaa. Wengine wanatoka visiwani kwa mitumbwi ya injini, wanafika usiku kanga zimelowa hadi magotini.

Jambo lenyewe ni hili. Mwishoni mwa mwaka jana mama mmoja wa mimba ya sita alipasuliwa, mtoto akatoka salama, damu ikakataa kukata. Aliyetumwa kwenye jokofu la damu akarudi mikono mitupu: kundi lake halipo. Mimi niliitwa wakati huo, nikakuta watu wazima, wazoefu, kila mmoja anaamini mwenzake alishaangalia. Dereva akaenda kituo cha damu salama cha kanda kule mjini na kurudi, taa zinawaka njia nzima. Tunashukuru siku hizi kuna daraja. Kwa enzi za kusubiri kivuko pale Kigongo, yule mama tungemzika. Alipona, na jina alilopewa mtoto mnaweza kulibashiri.

Baada ya hapo nikaamua tutumie ile orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, ya mwaka 2008. Ina vipengele 19: vingine vinasomwa kabla ya dawa ya usingizi, vingine kabla ya kisu kugusa ngozi, vingine kabla mgonjwa hajatoka. Ni maswali ambayo kila mtu wa thieta anayajua. Huyu ndiye mgonjwa mwenyewe? Ana aleji? Akivuja damu nyingi, tumejiandaa? Antibayotiki imeingia ndani ya dakika 60 zilizopita? Vifaa na vitambaa vimehesabiwa vikatimia? Karatasi zenyewe nilizikuta kituoni, ziko kwenye droo, mpya kabisa.

Nikaitisha kikao, nikaeleza. Wote "sawa dokta". Mmoja akauliza kama kuna soda. Mwezi uliofuata kila faili lina karatasi, tiki zote zipo, nikafurahi. Halafu usiku mmoja nikapita bila taarifa. Mgonjwa kashapelekwa wodini, muuguzi kakaa kwenye benchi la korido anapiga tiki 19 kwa mkupuo mmoja, wala hasomi.

Kuna daktari msaidizi wetu, mzee, amepasua watu eneo hili tangu mimi nikiwa sekondari. Mikono yake ni mizuri kuliko yangu, nalisema bila shida. Ananiita "binti yangu" mbele ya wagonjwa na sikasiriki, najua anapenda. Lakini ile siku ya kwanza tulipofika pale kila mtu anapotaja jina na kazi yake kabla ya kisu, mzee alicheka mpaka barakoa ikashuka: "Binti yangu, huyu mkunga nilisimamia harusi yake, leo nimwambie naitwa nani?" Thieta nzima ikaangua kicheko. Kuanzia hapo hakuna anayeisoma kwa sauti. Na muuguzi wa ajira mpya, aliyefika juzi kutoka chuoni, atapata wapi ubavu wa kumwambia mzee asubiri kwanza vitambaa vihesabiwe?

Lingine dogo ila linauma. Jambo nililolisema mimi kikaoni watu wakatazama simu. Wiki iliyofuata mfamasia wetu, kijana wa kiume, akalirudia karibu neno kwa neno. "Hilo sasa ndilo wazo!"

Barua za onyo naweza kuandika, cheo ninacho. Ila najua barua itaniletea tiki nyingi zaidi na kusoma kule kule sifuri. Nataka kitu ambacho hata nikihamishwa kesho kitabaki. Hasa wanawake mliowahi kuongoza wanaume waliowazidi umri: watu hawa mliwapataje?

---

Sista Mstaafu (Magu)

Marahaba mwanangu.

Kikao ni mahali pa kutangaza kilichokwisha kukubaliwa. Posa haikubaliwi ukumbini. Mpaka watu wanakaa kula wali, mshenga ameshachakaza soli. Wewe ulianza na ukumbi.

Nikusimulie langu. Nilikuwa matroni wa wodi ya wazazi, hospitali siitaji. Nikataka makabidhiano ya zamu yafanyike kitandani kwa mgonjwa, siyo mezani. Mezani unaambiwa "kitanda cha nne anaendelea vizuri", ukifika kitanda cha nne unakuta mama anatetemeka shuka limelowa damu. Nikawaambia wasichana wangu, wakaitikia vizuri sana, wakaendelea na meza yao. Nikawaita wavivu kimoyomoyo.

Kumbe wengi walikuwa wanakaa Kisesa na kuendelea huko. Makabidhiano ya kitandani yanachukua karibu nusu saa zaidi, na ile nusu saa ndiyo hiace ya bei ya kawaida inaondoka. Ukiikosa, unapanda bodaboda kwa hela ya mboga. Hakuna hata mmoja aliyeniambia. Nani amwambie matroni kwamba shida yake ni nauli? Niliisikia kwa mhudumu wa usafi, tukiwa tunachambua dagaa nyumbani kwangu.

Nikabadilisha ratiba: zamu inayoingia ianze nusu saa mapema, nayo iondoke nusu saa mapema. Katibu alinisumbua na daftari lake la mahudhurio, nikasumbuana naye mimi, siyo wao. Wasichana wakaanza kukabidhiana kitandani bila hata kukumbushwa.

Kwa hiyo kabla hujamshawishi mtu yeyote, jua hili jambo lako linamgharimu nini. Usingizi? Heshima? Hela? Huyo mzee wako ulishamuuliza? Siyo ofisini kwako, maana kule kuna kiti chako na kiti chake. Nenda kwake Jumapili baada ya ibada. Usibebe karatasi. Beba sukari ya mkewe, kaa, subiri uletewe chai. Na usianze wewe kuyataja mambo ya kazi.

---

Kijana wa Zamu

Mfawidhi kwa heshima zote, mnapenda sana kuongeza karatasi. Mtu anaitwa saa nane usiku, anatembea kwa tochi ya simu, anapasua, asubuhi yuko OPD tena, kwa wagonjwa wa nje. Posho ya kuitwa usiku anadai tangu lini? Leo anaongezewa vipengele 19. Anza na maslahi, hayo mengine yatajipanga.

---

Mfawidhi wa Ng'ambo

Kijana, hoja yako naipokea na siipuuzi. Posho hiyo kwetu inatoka kwenye makusanyo ya kituo, na mengi ya makusanyo ni madai ya bima yanayochelewa. Uzazi wenyewe, kama unavyojua, hatutozi. Nilichofanya ni kubandika mapato na matumizi ya kila mwezi ukutani karibu na dirisha la dawa, kila mtu aone kilichoingia na kilichotoka, na madeni ya zamu yanalipwa kwa kufuata foleni, lililotangulia kwanza, hata kama la mtu tusiyeongea vizuri. Deni halijaisha. Ila maneno ya "mama mfawidhi anakula" yalipungua sana.

Lakini kuuliza "damu ipo?" kabla ya kupasua sikubali kwamba kunapaswa kusubiri posho. Hapo tutatofautiana.

---

Msemakweli

Wanawake mkipewa ofisi lazima muonekane mmefanya kitu. Mzee kafanya kazi miaka yote bila orodha, watu wakapona.

---

Sista Mstaafu (Magu)

Wewe Msemakweli, waliopona ndio wanaorudi kukusimulia. Kaa upande tuongee.

---

Daktari wa Ilemela

Dada mfawidhi, pole na hongera. Mimi niko huku Ilemela, nimeongoza idara kabla sijajifungua mtoto wa kwanza, na wengi walikuwa wananiita "nesi" hadi nimalize kuandika dawa.

Hilo la mfamasia siyo la kwako peke yako. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2019: wanawake ni kama asilimia 70 ya watumishi wa afya duniani, lakini nafasi za juu wanashika robo tu. Sisi kwetu tumebahatika kuona Mganga Mkuu wa Serikali mwanamke, Profesa Tumaini Nagu, aliyeteuliwa mwaka 2022, na chama chetu cha madaktari wanawake, MEWATA, kipo tangu 1987. Ila Dodoma ni mbali. Kituoni kwako bado utapimwa kivyako.

Nilichofanya mimi: yule anayerudia maneno yangu nilimfanya mtu wangu. Nilimfuata kabla ya kikao, nikamwambia, "Hili nitalisema mimi, wewe liunge mkono, useme ni la nani." Hakuwa na nia mbaya hata kidogo, hakuwahi kugundua. Siku hiyo akasema, "Kama alivyopendekeza dokta wiki iliyopita," na mwandishi wa muhtasari akaandika hivyo hivyo. Muhtasari usomwe mwanzoni mwa kila kikao, usirukwe. Wengi wetu tunauruka kwa sababu chai inapoa.

La pili. Unafahamu ule mpango wa uzazi salama uliofanyika kwenye vituo 30 vya kutolea huduma vya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na hapa kwetu Mwanza? Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2025, na vifo vya akina mama na vya watoto wachanga vilishuka katika vituo hivyo. Mimi kilichonivutia ni namna walivyofanya. Hakukuwa na semina moja kubwa ya hotelini halafu kila mtu arudi na begi. Ni mazoezi mafupi, ya mara kwa mara, humo humo wodini, kwa mwanasesere, yakisimamiwa na watumishi wa hapo hapo. Mkunga anamfundisha mkunga mwenzake. Bosi haonekani sana.

Kwa hiyo nakushauri usiisome wewe hiyo orodha, wala usimpe mzee. Mpe muuguzi anayezunguka, yule ambaye hajavaa glovu za upasuaji. Na mfanye zoezi mchana, kitanda kitupu, mkicheka mnavyotaka. Kicheko kiishie hapo.

---

Mkongwe wa Visiwani

Nimesoma yote nikaona niseme, kwa sababu mimi ndiye huyo mzee. Siyo huyo wako. Wa kisiwa kingine.

Nilikuwa daktari msaidizi kisiwani. Ziwa likichafuka hakuna rufaa, hakuna dereva wala daraja. Nimetoa watoto kwa taa ya karabai. Sasa akaja mfawidhi binti, mdogo kuliko kitindamimba wangu, na karatasi yenye viboksi. Nilichosikia mimi siyo "usalama". Nilisikia: mzee, hatukuamini tena. Na niliona ile karatasi ni ya ushahidi. Siku mtu akifa, watakuja kutafuta kiboksi kipi sikuweka tiki, na jina langu liko chini. Nani anajifunga kamba mwenyewe?

Yule binti alinipata kwa mambo mawili.

Kwanza aliniambia ilikojaribiwa hiyo orodha. Mimi nilijua ni ya Geneva. Kumbe katika hospitali nane za majaribio ya mwanzo, moja ni Mtakatifu Francis ya Ifakara, Ifakara hii ya Morogoro, pamoja na London, Seattle, Toronto, New Delhi na kwingine. Majibu yakatoka mwaka 2009: madhara baada ya upasuaji yalishuka kutoka wagonjwa 11 kwa kila 100 hadi 7, na vifo kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Nikasema kumbe London nako wanasahau! Iliniondolea kinyongo kuliko semina yoyote. Nilikuwa nadhani tunafundishwa sisi kwa sababu ni sisi.

Pili, akaniuliza swali ambalo sijawahi kuulizwa na bosi: "Mzee, hapa kwetu ni kitu gani kinachotusahaulika ambacho kwenye karatasi hii hakimo?" Sikusita. Mafuta ya jenereta. Umeme umenikatikia tumbo la mtu likiwa wazi, na tenki kavu. Akaliandika swali hilo juu kabisa, kwa kalamu, mbele yangu. Nilidhani anaharibu fomu ya watu. Akanionyesha chini, wenyewe wameandika kwamba inaruhusiwa kuongeza na kurekebisha kulingana na mahali. Kuanzia siku hiyo ile orodha ikawa na kitu changu. Asiyeuliza mafuta ya jenereta nilikuwa namuuliza mimi.

Na nikuongezee. Alianza na upasuaji wake mwenyewe. Alimwambia muuguzi mdogo kuliko wote, tena kwa sauti sisi tukisikia: "Nikinyanyua kisu hujasoma, nishike mkono." Yule mtoto akaogopa. Siku ya siku akamshika kweli, na dokta akakirudisha kisu kwenye trei, akasimama kusubiri. Sisi wazee tuliokuwa pembeni tulitazamana. Ikiwa mfawidhi anashikwa mkono, mimi nani?

Kuhusu kujitambulisha majina, usipigane sana na hilo. Likicheleweshwa hakuna anayekufa. Damu na vitambaa ndivyo visivyosubiri.

---

Kijana wa Zamu

Mkongwe umenimaliza na hiyo ya jenereta. Kwetu tungeongeza "mtungi wa oksijeni una kitu au ni wa maonyesho?"

---

Mfawidhi wa Ng'ambo

Nimerudi wakuu. Nilikaa kimya kwa sababu nilitaka nije na kitu.

Nilikwenda kwa mzee Jumapili, na sukari, kama sista alivyoagiza. Nikamkuta chini ya mwembe, ana simu, ameishika mbali na uso mkono wote umenyooka, anahangaika na ujumbe wa mwanawe. Mkewe akaleta chai na matobolwa. Tumeongea mvua, tumeongea bei ya pamba, tumeongea daraja. Kazi sikuitaja. Mkewe ndiye aliyesema: "Mwambie na wewe avae miwani yake kazini, mimi nimechoka. Anaivaa humu ndani tu, anaogopa vijana wamwone."

Mzee akanyamaza, mimi nikanyamaza. Halafu akaomba simu yangu, akafungua picha ya ile karatasi, akasema, "Binti yangu, hizi ni herufi au ni chawa?"

Basi ndiyo hivyo. Ile karatasi, usiku, kwa taa zetu zile, hawezi kuisoma, na hayuko tayari kusimama mbele ya watoto wa juzi anakunja macho. Nilikuwa najiandaa kwa mjadala mrefu wa heshima na jinsia, na heshima imo kweli, ila nyingine ilikuwa ukubwa wa maandishi. Nimemuomba ruhusa ya kuyaandika haya humu, akasema niandike tu, wenye macho mabovu wako wengi kuliko wanaokiri.

Nikamuuliza lile swali la Mkongwe. Hakufikiri sana. Akasema tuongeze: "Ndugu wa kuchangia damu yuko nje?" Kwa sababu jokofu likiwa tupu, shangazi mtu anakuwa ameshapanda bodaboda kurudi nyumbani kupika. Kwa tukio letu la mwaka jana, swali hilo lingetufaa kuliko hotuba yangu yote ya kikaoni.

Sasa anayesoma ni muuguzi anayezunguka, kwa sauti, na kwenye upasuaji wangu naanza mimi kushikwa mkono. Mfamasia nimeongea naye. Aliona aibu mpaka nikamwonea huruma. Mzee bado hajitambulishi kama binadamu wa kawaida. Anataja ukoo, na idadi ya ng'ombe alizotolea mahari, na watu wanacheka, lakini wakimaliza kucheka wanasoma kipengele kinachofuata.

Haijakaa sawa yote, nisiwadanganye. Mtoa dawa ya usingizi wetu yuko peke yake, anatumika usiku na mchana, na upasuaji wa alfajiri bado naona karatasi inajazwa baadaye. Yeye sijui bado inamgharimu nini, ila nadhani Kijana wa Zamu ameshanijibu. Nimepeleka maombi wilayani tupatiwe wa pili, na deni lake la posho ndilo linalofuata kwenye foleni.

Mkongwe, swali kwako. Nataka kuiandika orodha ukutani, herufi kubwa, mzee aione kutoka pale anaposimama bila miwani. Rangi ya kawaida tukifuta kuta kwa klorini si itabanduka yote? Ninyi mlitumia nini?

---

Mkongwe wa Visiwani

Usipake rangi, itavimba. Chapisha kwenye turubai la mabango, lile la matangazo ya harusi na mikutano ya injili. Mafundi wapo mjini, utaulizia. Ukubwa wa mlango, maandishi meusi kwenye nyeupe. Piga misumari juu tu, chini liache huru ili walifute na nyuma. La kwetu linafutwa kila siku na maandishi bado yapo. Na mwambie fundi asiweke picha ya maua pembeni, maana bila kumwambia ataweka.